Maji ya nyumbani na afya ya mtaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila masika: kwenye vikao vya serikali ya mtaa, kliniki ya watoto, na zaidi kwenye foleni ya maji, ambako watu wana muda wa kuuliza. Mengi ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko yalikoulizwa. Machache ni ya Arusha na kanda ya ziwa, kwa kuwa maji ya huko yana mambo yake. Nimeyaacha jinsi yalivyoulizwa.

Maji ya bomba letu ni meupe na hayana harufu. Nina haja gani ya kuyatibu?

Weupe haukwambii kitu kuhusu bakteria. Glasi inaweza kubeba vimelea vya kipindupindu vya kutosha kulaza nyumba nzima, na ukiinua kwenye mwanga usione hata chembe.

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam inakunywa maji ya Mto Ruvu. Yanasafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini na kutiwa klorini kabla ya kuanza safari ya kuja mjini. Pale mtamboni hayana shida. Shida ni safari. Fuata bomba linaloingia kwenu, hasa kama nyumba iko ndani ndani: mara nyingi utakuta ni mpira mweusi unaokatiza mtaroni, na pale ulipopasuka umefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Maji yakiwa na presha, ule ufa unamwaga nje, na hasara yako ni ya bili tu. Mgao ukianza, bomba linabaki tupu, na ufa uleule unavuta ndani kilichopo mtaroni. Siku maji yakirudi, uchafu huo unatangulia, na anayeupata ni yule aliyewahi foleni alfajiri.

Kwa hiyo maji ya mwanzo baada ya mgao usiyaweke kwenye ndoo ya kunywa. Yaache yatoke kwa muda, uyakinge ya kudekia au ya chooni, kisha ndiyo ujaze. Na hata hayo yatibu. Klorini ya mtamboni hupungua kadiri maji yanavyokaa bombani. Yakimfikia mtumiaji inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita, na mwisho wa laini ndefu, mtaa wa mwisho kabisa, ndipo inapokuwa hafifu.

Maji ya boza je?

Muulize dereva amejaza wapi. Akisita, yachukulie kuwa ni ya kisima kisichopimwa. Boza lenyewe linaweza kuwa safi na mpira wa kumiminia ukawa umeburuzwa chini nyumba kumi kabla ya kuingia kwenye tanki lako.

Nachemsha kila siku, lakini watoto bado wanaharisha. Kwa nini?

Swali hili ndilo ninalopenda kujibia nyumbani kwa muulizaji, kwa sababu jibu huwa liko mezani, si jikoni. Tufuate maji. Yamechemka vizuri. Sufuria imeachwa wazi ipoe, kuku anapita, mtoto anachungulia. Yakishapoa yanamiminwa kwenye ndoo pana ambayo jana ilikuwa na maji mabichi, ikasuuzwa tu kwa maji hayohayo mabichi. Juu ya mfuniko kuna kopo. Mtoto anatoka chooni, anafunua, anatumbukiza kopo pamoja na vidole vinne, anakunywa nusu, na kilichobaki anakirudisha ndoo, maana ameshafundishwa kuwa maji hayamwagwi ovyo. Hapo kazi yote ya mkaa imekwisha.

Watu wengi hawalijui hili: maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote baada ya kupoa. Joto linaua kilichokuwemo wakati huo na si zaidi. Kidole kichafu kikiingia saa moja baadaye, maji yanarudi yalikokuwa. Ndiyo maana ukipima maji kisimani na kuyapima tena nyumbani kwenye chombo, mara nyingi ya nyumbani ndiyo machafu zaidi. Tunamlaumu mwenye kisima, lakini tope limeingilia kwetu.

Dawa yake si ghali. Weka maji ya kunywa kwenye chombo ambacho mkono hauwezi kuingia: ndoo yenye koki, au dumu lenye mdomo mwembamba ambalo unamimina badala ya kuchota. Mtungi wa bibi ni mzuri kwa ubaridi, siubezi, ila uwe na kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani, na isitumike kunywea. Dumu lioshwe ndani kila wiki. Brashi haifiki, kwa hiyo tia maji ya sabuni na konzi ya mchanga safi au kokoto ndogo, utikise kwa nguvu, usuuze. Ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ndani ya mdomo wa dumu ni bakteria waliojijengea. Na koki nayo iangaliwe. Nimekuta ndoo safi kabisa yenye koki iliyoota ukungu wa kijani, kwa sababu kila mtu anasugua ndoo na hakuna anayekumbuka koki.

Yachemke kwa muda gani?

Yakianza kutokota kwa nguvu, hesabu dakika moja, epua. Kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, mathalani uwanda wa Kitulo, ziwe tatu, kwa sababu kule maji huchemka kabla hayajafikia joto la pwani. Kuyaacha nusu saa ni kumtajirisha muuza mkaa. Yapoe yakiwa yamefunikwa, kwenye sufuria ileile au moja kwa moja ndani ya chombo cha kunywea.

Dawa ya maji na kuchemsha, kipi bora?

Kuchemsha kunaua karibu kila kitu, hata vijidudu vichache vinavyohimili klorini. Dawa ya klorini ina faida moja kubwa: inabaki ndani ya maji na kuendelea kulinda, hata mtu akikosea kidogo baadaye. Kwa nyumba yenye watoto wengi na kopo moja, mimi ningechagua dawa.

Fuata maelezo ya kifungashio, kwa kuwa vidonge vina ukubwa tofauti: kile cha miligramu 67 ni cha lita 20, na ukikitia kwenye jagi la lita mbili utakunywa kitu kisichonyweka. Koroga, funika, subiri dakika 30. Maji ya matope yachujwe kwanza, la sivyo klorini yote inaishia kwenye matope. Ule ukakasi wanaoulalamikia watu hupungua ukiyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mara kadhaa. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiitumie kwa maji ya kunywa. Nguvu yake hutofautiana, na nyingine zimetiwa manukato.

Shabu na mbegu za mlonge zinasafisha maji kweli?

Zinayatakasa kwa macho. Tope linashikana, linazama, juu panabaki peupe, na vijidudu vingi vinazama na tope hilo. Lakini si vyote. Zitumie kama hatua ya kwanza, kisha uchemshe au utie dawa.

Kuchuja kwa kitambaa nako kuna maana kuliko watu wanavyodhani. Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 uliwafuata wanawake wa vijijini waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, na kipindupindu kilipungua karibu nusu, kwa sababu bakteria wake hupenda kujishikiza kwenye viumbe wadogo wa majini ambao kitambaa kinawakamata. Kanga kuukuu ya pamba inaweza kujaribiwa hivyo pale ambapo hakuna kingine. Iliyofifia rangi ni bora kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zake zimeshavimba na kujaa.

Na jua? Chupa ya plastiki angavu, isiyozidi lita mbili, iliyolazwa juani kutwa nzima, angalau saa 6 za jua kali, inafanya kazi. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Maji yawe yameng'aa.

Kisima chetu kina maji ya chumvi. Chumvi si inaua wadudu?

Hapana. Bakteria wa kipindupindu ni mwenyeji wa maji ya chumvichumvi, yale ya mito inapokutana na bahari. Kisima cha chumvi Temeke au Kigamboni hakimsumbui hata kidogo.

Jirani yangu anatapisha choo mvua ikinyesha. Nikisema naonekana mchokozi. Mimi kinanihusu nini?

Kinakuhusu kuliko kinavyomhusu yeye. Choo chake kinapungua, chako kisima kinapokea.

Kwa wasiojua: shimo likijaa na hela ya gari la majitaka haipo, mwenye nyumba anasubiri usiku wa mvua kubwa, anatoboa ukuta wa shimo au kufungua mrija aliouzibia siku ile ya kujenga, na kinyesi kinaondoka na mafuriko. Asubuhi kila mtu anajifanya hajui. Maji yale yanapita juu ya visima vifupi, juu ya ile mipira ya bomba mtaroni, hadi uwanjani kwa watoto wanaochezea madimbwi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea nchini, Bara na Visiwani, na hadi mwanzoni mwa 2018 watu zaidi ya 33,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 500 kufariki. Hakikuletwa na mtu mmoja wala choo kimoja. Lakini ramani za milipuko ya mijini huangukia palepale, mwaka nenda rudi: penye mafuriko, mashimo mafupi na visima vya karibu.

Kuna kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kuyafikia maji ya ardhini. Anayeishi kwenye kiwanja cha uswahilini atacheka, kwa kuwa kiwanja chenyewe hakina mita 30. Basi wenye viwanja vya namna hiyo wakubaliane jambo moja gumu: visima hivyo ni vya kufulia na kudekia, si vya kunywa. Kuchemsha kutaua vijidudu, lakini naitreti, kemikali inayotoka chooni, haiondoki kwa moto, na kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo ni hatari, kwa sababu inazuia damu yake kubeba oksijeni.

Kuhusu uchokozi: usiende peke yako. Kutiririsha majitaka ni kosa, na afisa afya wa kata ana mamlaka ya kuingilia chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Ila nikikwambia ukweli, faini haijawahi kunyonya shimo. Kinachosaidia ni nyumba tatu nne kuchangia safari moja ya gari, au kuwaita vijana wenye pampu ya mkono na guta pale gari lisipopita. Mjumbe akiitisha mchango kabla ya Machi, masika haikuti mtu na shimo limejaa.

Kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, si kweli?

Si kweli, na pengine ndiyo imani inayotugharimu zaidi. Watoto wadogo ndio wanaoharisha zaidi, kwa hiyo kinyesi chao ndicho chenye vimelea vingi. Poti imwagwe chooni, nepi isifuliwe karibu na kisima wala chini ya bomba la jumuiya, na aliyemsafisha mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kugusa mwiko. Maji yaliyofulia nepi nayo ni ya chooni, si ya kumwaga uani mahali wenzake wanapotambaa.

Kunawa kwenye beseni moja msibani kuna ubaya gani? Ndiyo desturi yetu.

Desturi yetu ya pwani ni birika na beseni: kijana anapita, anamimina, kila mmoja ananawa maji yanayotiririka, machafu yanaanguka chini. Hiyo ni desturi bora, ingefaa kusifiwa na maafisa afya wa dunia nzima. Lile bakuli moja linalozungushwa, ambalo wa kwanza anatumbukiza mikono na wa kumi na mbili anatumbukiza kwenye supu ileile, limeingia kwa uvivu na wingi wa watu. Tuwarudishe vijana na mabirika yao. Ongezeni sabuni tu, na iwe kabla ya kula, si baada ya kula peke yake kwa ajili ya mafuta ya pilau.

Nyumbani, kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, sabuni iliyotundikwa pembeni. Hakuna anayeshika dumu, na kunawa mara moja kunatumia maji ya kujaza kikombe tu au pungufu. Kiwe mlangoni mwa choo, kwa sababu kikiwa jikoni mtu ameshashika komeo, pazia na mtoto kabla hajakifikia. Kama sabuni imekwisha, majivu yanafaa. Kopo la kuchambia nalo liwe na mahali pake pa kutundikwa, lisikae sakafuni. Kila mtu analishika mwisho kabla ya kutoka, na wanaosahau kunawa wanatoka nalo mkononi, kwa maana ya kilicho juu yake.

Maji yenyewe hayatoshi. Nibane wapi?

Usibane kunawa. Miaka ya 1960 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walipima matumizi ya maji nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania, na kutokana na kazi hiyo Bradley akayapanga magonjwa ya maji katika makundi. Kundi moja ni la magonjwa yanayokuja kwa kunywa maji machafu. Jingine ni la yanayokuja kwa maji kuwa machache: upele, macho, na sehemu kubwa ya kuharisha kwenyewe. Mtu mwenye lita tano safi kabisa kwa siku bado ataugua, kwa kuwa hana za kunawa. Watafiti wengine waliporudi maeneo yaleyale mwaka 1997 walikuta matumizi kwenye nyumba zenye bomba yameshuka karibu nusu. Mabomba yalikuwepo, maji hayatoki. Jambo ambalo mkazi wa Tandale angewaambia bila utafiti.

Kipimo cha chini cha kuishi ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani ndoo moja kubwa. Humo, tenga za kunywa na kupikia kwanza, za kunawa pili, za kuoga tatu. Zilizofulia zideki, zilizodeki zimwage chooni. Uso wa mtoto uoshwe kila asubuhi hata siku ya ukame: Kongwa, mkoani Dodoma, tafiti za miaka ya 1980 na 1990 zilionyesha kuwa watoto wenye nyuso safi hawakupata ugonjwa mkali wa macho wa vikope (trakoma) kwa kiwango cha wenzao wenye makamasi na nzi. Ukimimina kidogo kidogo, lita moja inaosha nyuso za watoto wote wa nyumba.

Tukihifadhi maji mengi, mbu je?

Mbu wa dengi hataki maji machafu. Anataka yako masafi, ya pipani, penye kivuli. Tuna ushahidi wa zamani wa hili hapahapa nchini: mwaka 1952 na 1953, kwenye uwanda wa Makonde upande wa Newala, kulizuka homa ya maungo iliyokuja kujulikana duniani kote kama chikungunya. Uwanda ule haukuwa na maji, watu walishuka mabondeni kuyafuata na kuyahifadhi nyumbani, na katika vyombo hivyo ndimo mbu aina ya *Aedes aegypti* alimokuwa akizaliana. Dengi iliyotikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019 ilibebwa na mbu huyohuyo.

Funika mapipa na simtank, si kwa ubao tu bali kwa kitu kisichoacha mwanya. Mara moja kwa wiki pipa limwagwe na kuta zake zisuguliwe. Kusugua ndiyo kazi yenyewe: mayai yanabandikwa ukutani juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi yakisubiri ujaze tena. Yai hadi mbu kamili ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo wiki ikipita umeshachelewa. Matairi ya juu ya bati, makopo ya maua na sahani ya chini ya friji vihesabiwe humohumo. Mbu huyu anauma mchana, chandarua cha usiku hakimhusu sana.

Nipo Arusha. Meno ya wanangu yana madoa ya kahawia ingawa tunachemsha maji.

Hayo ni madini ya floraidi, na kuchemsha kunazidisha. Maji yanapungua kwa mvuke, madini yanabaki. Ukanda wa volkano wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara una vyanzo vingi vilivyozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na wenyeji wa Maji ya Chai, huko Arumeru, hawahitaji maabara kulijua hilo. Meno yanaharibika mtoto angali mdogo, kabla hata hayajaota. Kwa viwango vya juu na miaka mingi, mifupa inakakamaa na miguu inapinda.

Klorini haisaidii, wala kitambaa. Kinachosaidia ni kubadili chanzo cha maji ya kunywa na kupikia, hasa kwa wajawazito na watoto chini ya miaka 8: maji ya mvua ni bora sana kwa hili. Kipo pia chujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekifanyia kazi kwa miaka mingi. Mkaa wake unachoka na kubadilishwa, hilo msisahau. Na angalia magadi unayotia kwenye maharage na makande, kwa kuwa nayo hubeba floraidi nyingi.

Huku Mwanza tunaoga ziwani. Kichocho kinaingia kwa kunywa?

Kinaingia kwa ngozi. Aliyeugua anakojoa au kunya majini, mayai yanaanguliwa, yanaingia kwa konokono, na kutoka kwa konokono wanatoka viluwiluwi wadogo wanaotoboa ngozi ya anayeoga, anayefua, anayevua. Hawaishi zaidi ya saa 48 bila kumpata mtu. Kwa hiyo maji ya ziwa yaliyochujwa konokono wasiingie, yakakaa ndani ya pipa lililofunikwa siku mbili kamili, ni salama kuogea. Vidonge vya prazikwanteli vinatibu, lakini ukirudi majini unaambukizwa upya.

Kila nikipima naambiwa nina taifodi. Maji yetu ndiyo yanayoniua?

Huenda huna taifodi. Kipimo cha Widal kinachotumika kwenye maabara nyingi ndogo kinaangalia kingamwili, na hizo zinaweza kubaki tangu ugonjwa wa zamani au kuamshwa na maambukizi mengine kabisa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, kuona kama bakteria wenyewe wamo. Omba hicho kabla ya kumeza antibayotiki ya nne mwaka huu, maana dawa zisizo na kazi zinawafundisha bakteria wa mtaa mzima kuzizoea.

Mtoto ameanza kuharisha usiku. Nifanye nini kabla ya kufika kituoni?

Mpe maji ya ORS, mchanganyiko wa sukari na chumvi unaorudisha maji mwilini. Pakiti ikiwepo, soma imeandikwa ni ya kiasi gani cha maji. Isipokuwepo: lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kukata usawa. Usizidishe chumvi. Kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula apewe uji. Kituoni ataongezewa zinki ya siku 10 hadi 14.

Kama kinatoka maji matupu meupemeupe, mfano wa yaliyooshewa mchele, na macho yanadidimia, usingoje asubuhi. Kipindupindu kinaua kwa saa chache, mkubwa na mdogo.

Na chanjo ya rotavirusi, virusi vinavyoharisha watoto, iliyopo kwenye ratiba ya Tanzania tangu mwanzoni mwa 2013, hutolewa wiki ya 6 na ya 10. Bibi akisema mtoto mchanga apewe maji kidogo kwa ajili ya joto, mwambie kwa heshima: shikamoo bibi, hadi miezi 6 maziwa ya mama yana maji yake yote.

Kuna mgonjwa wa kipindupindu nyumba ya tatu. Wameficha. Sisi wengine tufanye nini?

Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa au wanaharisha kidogo, na wanaendelea kutoa vimelea kwa siku kadhaa. Hivyo nyumba iliyofichwa si peke yake. Tibuni maji yote ya kunywa mtaani kuanzia leo, hata ya nyumba zisizo na mgonjwa, na kachumbari na juisi za barabarani ziachwe kwa muda. Aibu ndiyo inayofanya watu wafiche, kwa hiyo mjumbe aende kimya kimya, si na kipaza sauti.

Akifa mtu kwa kipindupindu, maiti aoshwe na waliopewa vifaa na dawa, wakishirikiana na wahusika wa dini, na walioosha wasiguse chakula cha msiba. Wanaopika na wanaoosha wawe watu tofauti.

Nani anaweza kutupimia kisima?

Anzeni kwa afisa afya wa kata. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, vijijini pitieni RUWASA, wakala wa maji vijijini, na jumuiya yenu ya watumia maji. Msichukue sampuli kwa chupa ya soda. Maabara itawapa chupa yake iliyotakaswa, ijazeni bila kugusa mdomo, iwekeni kwenye barafu na ifike siku hiyohiyo. Ulizeni vipimo vya bakteria, chumvi na naitreti, na kaskazini floraidi. Cha bakteria kinataka *E. coli*, bakteria wa kinyesi, wawe sifuri katika mililita 100, na majibu yake huchukua kama siku moja kwa sababu lazima vijidudu vipewe muda wa kuota. Rudieni baada ya masika, hata kama majibu ya kiangazi yalikuwa mazuri.